Nilijibu maswali yote bila kukwama, chuo cha Japani kimenitema. Nilikosea wapi?

#1 KijanaWaMbagala
Wakuu salaam.

Nipo Tokyo mwaka wa pili, nasoma shule ya lugha Takadanobaba. Machi namaliza. Shule ya lugha mwisho wake ni miaka miwili, kwa hiyo ikifika Machi sina chuo, safari ya nyumbani imeiva.

Mwezi uliopita nilifanya usaili wa chuo kimoja binafsi, kitivo cha biashara. Nilijiandaa miezi miwili. Kwa nini Japani, kwa nini chuo chetu, ukimaliza utafanya nini, uwezo wako, udhaifu wako, yote niliyaandika kwenye daftari nikayameza. Siku yenyewe sikukwama hata mara moja, nilitiririka kama redio. Jopo lilikuwa la watu watatu, wazee wawili na mama mmoja, wanaitikia tu kwa kichwa "hai, hai". Nikatoka kifua mbele, nikajinunulia kuku wa konbini (vile viduka vya saa 24) njiani.

Jana matokeo yamewekwa mtandaoni. Ni orodha ya namba tu. Namba yangu haipo. Nimeishusha na kuipandisha ile orodha mpaka kioo cha simu kimepata moto.

Sasa kinachoniuma: ninakaa chumba kimoja na Mnepali. Kijapani chake cha kuokoteza, na mwenyewe alikiri alikwama mara tatu, akaomba arudiwe swali. Amepita. Chuo hichohicho, kitivo hichohicho.

Nina usaili mwingine wiki tatu zijazo. Ada ya maombi yen 35,000, hairudi. Mimi naona usaili wa hawa jamaa ni maigizo, wanakuwa wameshaamua. Anayejua ukweli aseme.

#2 Napita_Tu
Naweka kambi. Wajuzi wanakuja.

#3 BeppuKwanza
Pole mkuu. Jibu umelitoa mwenyewe: "kama redio". Hao wazee siku hiyo wamesikia redio kumi, na zote zimeandikwa na walimu wa shule za lugha kwa karatasi ileile. "Tangu nikiwa mdogo nilivutiwa na utamaduni wa Japani." Wanaitikia kwa kichwa kwa sababu hiyo ndiyo adabu yao ya kusikiliza, haina maana kwamba wamekubali.

Swali langu: kuna lolote walilokuuliza ambalo halikuwa kwenye daftari?

#4 KijanaWaMbagala
Moja tu. Nilisema ningependa kuingia zemi, yaani darasa dogo la utafiti, ya profesa fulani (nilimtaja jina). Yule mama akauliza, umesoma kazi yake gani? Nikataja kichwa cha makala iliyokuwa kwenye tovuti. Wakatazamana. Mama akatabasamu. Nikajua nimefunga goli.

#5 Nuru_Kiembesamaki
Kaka yangu, ile tovuti uliisoma lini, na ni ya mwaka gani?

#6 KijanaWaMbagala
Ilikuwa faili ya PDF ya utangulizi wa kitivo. Nimeiangalia sasa hivi chini kabisa. 2018.

#7 Nuru_Kiembesamaki
Basi huyo profesa keshastaafu zamani. Vyuo vingi hapa hustaafisha kati ya miaka 65 na 70. Umewaambia unataka kusoma kwa mtu ambaye sasa hivi anapalilia figili shambani kwake.

#8 Kigodoro
🤣🤣🤣 Goli la kujifunga.

#9 MzeeWaBoksi
Vijana mnahangaika na vitu vidogo. Nina miaka 17 hapa, nimeshuhudia wengi wakipita na wengi wakitemwa. Zemi, profesa, sijui tabasamu, hayo ni mapambo. Wanataka kujua mambo mawili: utalipa ada mpaka mwisho, na hutatoroka.

Mnakumbuka 2019? Kuna chuo kimoja chenye kampasi Tokyo, wanafunzi wa kigeni zaidi ya 1,600 hawakujulikana walipo ndani ya miaka mitatu. Gazeti na runinga vilikesha na habari hiyo. Serikali ikakaza. Toka hapo kila chuo kikimwona mwanafunzi wa kigeni kinajiuliza, huyu kaja kusoma au kaja kubeba boksi?

Mtoa mada, waliuliza habari ya ada? Ulijibuje?

#10 KijanaWaMbagala
Waliuliza. Nikasema nitajilipia kwa arubaito, yaani vibarua vya baada ya masomo, mimi ni mchapakazi.

#11 MzeeWaBoksi
Haya, kalamu na karatasi. Sheria inakuruhusu saa 28 kwa wiki. Tuseme unalipwa yen 1,250 kwa saa. Hiyo ni 35,000 kwa wiki. Yaani ile ada yako ya maombi ndiyo jasho lako la wiki nzima. Kwa wiki nne ni 140,000. Toa kodi ya nyumba, chakula, simu, bima. Ada ya chuo binafsi inaweza kufika milioni moja kwa mwaka. Itatoka wapi?

Kwa hesabu hiyo kuna majibu mawili tu: utashindwa kulipa, au utavunja sheria ya saa 28. Ulidhani unajisifu kumbe umejishitaki.

#12 KijanaWaMbagala
Duh.

#13 ThikaRoad
Nakubaliana na mzee kiasi, ila si kwa kila chuo. Mimi nilipita na swali la pesa halikuulizwa kabisa. Nilikuwa nimeomba chuo cha umma. Huko ada ni yen 535,800 kwa mwaka na kiingilio 282,000, vyuo vyote vya kitaifa sawa, na mtu mwenye hali ngumu anaweza kuomba msamaha wa ada. Ndugu, kwa nini unang'ang'ana na vya binafsi?

#14 BeppuKwanza
Marekebisho madogo mkuu. Hiyo 535,800 ni kiwango elekezi, chuo kinaruhusiwa kuongeza mpaka asilimia 20, na kwa wanafunzi wa kigeni hata zaidi. Chuo Kikuu cha Tokyo kimeshapandisha kwa wanaoanza 2025, ni 642,960. Kiingilio hapo uko sahihi.

#15 ThikaRoad
Sawa, asante. Mimi niliingia kabla ya hapo.

#16 KijanaWaMbagala
Mkuu ThikaRoad, vyuo vya umma vinataka alama za EJU nilizokuwa sina. Kijapani nilipata 243 kati ya 400. Hisabati nisiseme.

#17 Napita_Tu
EJU ndiyo nini? Na je, kila anayetaka kusoma Japani lazima aifanye?

#18 Nuru_Kiembesamaki
Ni mtihani wa kuingia vyuo kwa wageni, unafanyika mara mbili kwa mwaka, Juni na Novemba. Ulianza 2002. Kijapani, hisabati, sayansi, na somo la Japani na dunia. Vituo vya nje ya Japani vingi viko Asia, ndiyo maana wengi wetu tunaufanyia hukuhuku. Si lazima kwa wote. Wanaosoma kwa Kiingereza kama alivyosoma BeppuKwanza hawauhitaji.

Mtoa mada, kwa alama hizo 243 hebu tusilaumu usaili peke yake.

#19 Kigodoro
Mmesahau jambo kubwa kuliko yote. Alibisha hodi mara ngapi?

#20 KijanaWaMbagala
Mara tatu bwana. Hilo nilifundishwa. Mara mbili ni ya chooni.

#21 Kigodoro
Basi sina neno. Mnepali atakuwa alibisha nne.

#22 MwanaUjiji
Wakuu, na mimi nichangie kisa changu, ingawa mimi niliomba shahada ya uzamili, na huko usaili ni mnyama mwingine. Wanakaa na andiko lako la utafiti wanalichana mstari kwa mstari.

Niliandika juu ya misitu ya pembeni mwa Ziwa Tanganyika. Nikaingia nikiwa nimekariri salamu, nimekariri kuinama nyuzi 30, nimekariri kila kitu. Nikakaa. Mzee aliyekuwa upande wa kushoto, hajasema kitu tangu niingie, akainua uso akaniambia kwa Kiswahili: "Kigoma sehemu gani?"

Wakuu, nilisahau Kijapani chote. Nilijibu "Ujiji, shikamoo." Akacheka, akasema marahaba kabisa. Kumbe ujanani alikaa Mahale miaka. Dakika tano nzima tukazungumza bei ya dagaa na kama meli ya MV Liemba bado inatembea, wale wengine wawili wametumbua macho. Halafu akarudi kwenye Kijapani akaniuliza swali gumu kuliko yote siku hiyo, kuhusu sampuli zangu, nikajiumauma.

Nilipita. Mpaka leo sijui nilipita kwa dagaa au kwa andiko.

#23 Kigodoro
Ulipita kwa ukoo. Mahale si ndiko kwa nyani wa Jane Goodall? Walimwona ndugu yao.

#24 MwanaUjiji
Jane Goodall ni Gombe, alianza 1960. Mahale ni kusini zaidi, na huko ni Wajapani, Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alianza 1965 na utafiti unaendelea mpaka leo. Halafu ni sokwe, siyo nyani. Nyani ni wewe.

#25 Kigodoro
Nimepokea kwa mikono miwili mkuu 🙏

#26 Nuru_Kiembesamaki
MwanaUjiji umenifurahisha. Na Osaka wapo wanaosomea Kiswahili chenyewe, kile chuo cha lugha za kigeni kilichoingizwa Chuo Kikuu cha Osaka mwaka 2007. Kwa hiyo msisengenye mtu kwenye treni.

Mie usaili wangu ulikuwa wa uhandisi. Mbali na maswali ya kawaida kuna kitu wanakiita koutou shimon: unapewa kalamu, unasimama ubaoni, unaulizwa hesabu papo hapo. Nikakwama katikati. Jasho linateremka ndani ya hijabu. Nikasema, samahani, hapa nimepotea, naomba nianze tena. Mmoja akanipa kidokezo kidogo tu, nikakidaka, nikamaliza.

Ninavyoona mie, walichokuwa wakitazama ni pale nilipokwama. Mwalimu anajiuliza, huyu nikikaa naye maabara miaka minne, akikosea atasema au ataficha? Ndiyo maana sishangai Mnepali kupita. Aliomba arudiwe swali. Wewe hukukwama, hawakupata pa kukushika.

(Na kabla sijaulizwa: suti nyeusi, hijabu nyeusi isiyo na mapambo. Hakuna aliyegusia.)

#27 MzeeWaBoksi
Bibie hiyo ni ya uhandisi. Biashara hawana ubao. Biashara wanaangalia mfuko.

#28 DaktariMtarajiwa
Samahani kwa kuingilia uzi. Mimi nipo Mwanza, nimeitwa usaili wa mtandaoni, barua inasema 10:00 kwa saa za Japani. Kwetu itakuwa saa ngapi?

#29 BeppuKwanza
Saa kumi.

#30 DaktariMtarajiwa
Hapana mkuu, hiyo 10:00 ni ya Japani. Nauliza ya kwetu.

#31 BeppuKwanza
Saa kumi ndugu yangu. Japani wametutangulia saa sita. Na saa yetu ya Kiswahili inapishana na ya Kizungu saa sita. Kwa hiyo soma tarakimu ya Japani moja kwa moja kwa Kiswahili umemaliza. Kwao 10:00 asubuhi ni saa kumi ya usiku kwetu. Kwao 14:00, ondoa 12 inabaki 2, ni saa mbili asubuhi kwetu. Mimi nilihojiwa nikiwa Arusha kwa mtindo huo.

#32 ThikaRoad
Nimekaa na simu nikapiga hesabu mara tatu nikidhani ni uongo. Ni kweli!

#33 Kigodoro
Kumbe Wajapani ni Waswahili ila hawajaambiwa.

#34 Nuru_Kiembesamaki
Ila chunga usiku na mchana. Binamu yangu alielewa saa kumi jioni. Alipofungua kompyuta, Tokyo ni saa nne za usiku, watu wameshaoga wamelala.

DaktariMtarajiwa, saa kumi usiku kuku hawajawika, kwa hiyo lala mapema, waambie watu wa nyumbani, na uwe na bando kwenye simu nyingine pembeni umeme ukikatika.

#35 DaktariMtarajiwa
Asanteni sana. Na huu usaili wa chuo ni sawa na ule wa ufadhili wa serikali ya Japani, Monbukagakusho?

#36 ThikaRoad
Hapana. Ule wa kupitia ubalozi unahojiwa ubalozini kwanza. Mimi sikuupata lakini mahojiano niliyafanya, kwa Kiingereza. Ukipita hatua hiyo kwenye utafiti ndipo unasaka barua ya kukubaliwa na profesa, wanaiita naidakusho. Kuna pia ABE Initiative, ufadhili wa JICA (shirika la misaada la Japani) kwa waliokwisha kufanya kazi, ile ilizinduliwa Yokohama 2008.

#37 BeppuKwanza
2008 ilikuwa TICAD ya nne, ule mkutano wa Japani na Afrika. ABE ilitangazwa TICAD ya tano, 2013, palepale Yokohama. Kundi la kwanza likaja 2014.

#38 ThikaRoad
Huyu jamaa analala kweli? Haya, 2013. Nikipewa nafasi nitoe ushauri ambao hauwezi kurekebishwa: Wakenya wenzangu, acheni "mottainai", lile neno la kutopoteza vitu ovyo. Najua Wangari Maathai aliipenda akaitangaza dunia nzima, lakini kila Mkenya akiulizwa kwa nini Japani anaanza na mottainai. Mjumbe mmoja alinimalizia sentensi kabla sijafika kwenye jina la Wangari.

#39 KijanaWaMbagala
Wakuu, nimesoma yote. Nimeamua kuweka hapa mwanzo wa majibu yangu mnisaidie kunyoosha kwa ajili ya wiki tatu zijazo. Nilianza hivi: "Onsha wo shibou shita riyuu wa..." halafu nikaendelea na historia ya chuo.

#40 Nuru_Kiembesamaki
Subiri. Ulisema ONSHA? Mdomoni? Mbele ya watu watatu?

#41 KijanaWaMbagala
Ndiyo. Si ndiyo lugha ya heshima? Nilitoa kwenye kitabu.

#42 Nuru_Kiembesamaki
Kitabu cha watafuta kazi! Onsha ni "kampuni yenu tukufu". Umewaambia maprofesa kwamba umeiomba kampuni yao. Chuo ni kigaku.

#43 Kigodoro
Na wao wakaona, sawa, kampuni haijatangaza nafasi 🤣

#44 MwanaUjiji
Hapa nimecheka mpaka dereva wa basi kanigeukia. Ila jamani, mtu hatemwi kwa neno moja. Nami nilisema kigaku, baadaye nikasoma kuwa kigaku ni ya kuandika, mdomoni ni onkou. Hata Wajapani wanabishana. Hakuna aliyekunja uso.

#45 BeppuKwanza
Neno moja hapana. Lakini liunganishe: onsha, profesa mstaafu, majibu ya redio. Yote yanasema kitu kimoja, kwamba amenakili. Na nahisi kuna jingine. Mtoa mada, arubaito yako ni ya wapi?

#46 KijanaWaMbagala
Konbini siku tatu, na kiwanda cha bento (chakula cha boksi) usiku, siku mbili. Napanga karoti. Mkanda unapita, kila boksi vipande viwili vya karoti, kona ya kulia.

#47 BeppuKwanza
Basi na lugha yako ya heshima ni ya konbini. "Yoroshikatta deshou ka" kila mahali, si ndiyo? Wazee hawaipendi hiyo, wanaona ni ya watoto wa kaunta.

#48 MzeeWaBoksi
Mimi sijali lugha. Nimesikia "kiwanda cha bento usiku". Kijana, mahudhurio yako shuleni asilimia ngapi? Sema ukweli, hapa hakuna anayekujua.

#49 KijanaWaMbagala
81.

#50 MzeeWaBoksi
Nilijua. Cheti cha mahudhurio kilikuwa kwenye bahasha yako ya maombi. Wale watu kabla hujabisha hodi hizo tatu walishajua wewe unalala darasani. Mnepali je?

#51 KijanaWaMbagala
97. Huyo hata akiumwa anakwenda na barakoa.

#52 MzeeWaBoksi
Uzi ufungwe.

#53 ThikaRoad
Usifungwe. Rafiki yangu alikuwa na 80 kasoro, aliulizwa kwa nini, akaeleza aliugua, akaonyesha karatasi za hospitali. Akapita. Mtoa mada, hukuulizwa?

#54 KijanaWaMbagala
Hawakuuliza. Hilo ndilo linalonisumbua sasa. Dakika 15 zilizopangwa, mimi nilimaliza kwa dakika nane.

#55 Nuru_Kiembesamaki
Hawakuuliza kwa sababu hukuwapa nafasi, ulikuwa unatiririka.

#56 MzeeWaBoksi
Hawakuuliza kwa sababu walishaamua.

#57 MwanaUjiji
Na mwongozo wa maombi uliandika wanachukua wageni wangapi?

#58 KijanaWaMbagala
Umeandika jakkanmei.

#59 MwanaUjiji
"Watu kidogo." Wawili, sita, hakuna ajuaye. Inawezekana ulifanya kila kitu sawasawa na nafasi zilikuwa tatu. Tunamchambua mtu kama mpira uliokwisha wakati hatujui hata goli lilikuwa na upana gani.

#60 KijanaWaMbagala
Nimemhoji Mnepali jana usiku tukipika dali. Nikamwambia, hebu nieleze neno kwa neno. Anasema walimuuliza baba yake anafanya kazi gani. Akawaambia ana kibanda cha chai Pokhara. Wakamuuliza kikombe bei gani, wateja ni nani, msimu wa mvua anafanyaje. Muda mwingi ukaishia hapo. Akakwama neno la "faida", akachora hewani kwa kidole. Mama yule akamsaidia neno.

#61 BeppuKwanza
Mnaona? Biashara ya kweli, kwa maneno yake. Alihojiwa kama mtu.

#62 MzeeWaBoksi
Ada analipa nani?

#63 KijanaWaMbagala
Mjomba wake yuko Nagoya, ana mgahawa. Alipeleka taarifa ya benki.

#64 MzeeWaBoksi
Asanteni kwa kunisikiliza.

#65 Nuru_Kiembesamaki
Mzee wewe hata mvua ikinyesha utauliza nani kalipa. Mtoa mada, mama yako nyumbani anafanya nini?

#66 KijanaWaMbagala
Anauza vitenge, Mbagala Rangi Tatu. Kwa mkopo mara nyingi. Ana daftari la wadeni lenye picha, kwa sababu zamani hakuandika majina vizuri, alikuwa anamchora mdeni. Mwenye kilemba, mwenye pengo. Mpaka leo anadai kwa michoro.

#67 Nuru_Kiembesamaki
Na hilo lilikuwemo kwenye daftari lako la usaili?

#68 KijanaWaMbagala
Hapana. Niliandika kuhusu kampuni kubwa za magari za Japani.

#69 Kigodoro
Mimi ni mchokozi lakini hapa natoa ushauri bure: peleka pengo na kilemba.

#70 ThikaRoad
Na usiangalie chini wakikuuliza. Kwetu kumkazia mzee macho ni ukosefu wa adabu, pale utaonekana unaficha kitu. Angalia fundo la tai. Anaona unamwangalia, wewe huogopi.

#71 KijanaWaMbagala
Tatizo jingine, viatu. Vyangu vya usaili vimepasuka soli, na mguu wangu ni sentimita 29. Maduka ya mtaani kwetu mwisho 28. Nilishaenda matatu.

#72 MzeeWaBoksi
Nina pea nyeusi, 29, nimevivaa harusini mara moja. Njoo Kawaguchi Jumapili. Nilete maneno makali, nilete na viatu.

#73 DaktariMtarajiwa
Mrejesho wangu: saa kumi usiku nilikuwa tayari, tai shingoni, chini kaptula. Jogoo wa jirani aliwika katikati ya swali la pili. Mjumbe akauliza, hiyo ni sauti gani? Nikaeleza. Wakacheka. Sijui ni heri au shari.

#74 Kigodoro
Jogoo kapita. Wewe subiri.

#75 KijanaWaMbagala
Wakuu, nimerudi. Usaili umefanyika leo.

Sikupeleka daftari. Nilikwenda na ukurasa mmoja wenye maneno kumi. Nilibisha hodi tatu, ingawa mlango ulikuwa wazi, sikujua nifanye nini nikagonga fremu. Swali la kwanza kabisa: "Leo umekujaje hapa?" Hilo hakuna hata mmoja wenu aliyelitaja! Nikasema nimekuja kwa treni ya Yamanote, nikapanda upande usio wenyewe, nikashtuka nimefika Ueno, nikageuza, nikakimbia ngazini na viatu vya kuazima. Mmoja akatazama viatu.

Ada waliuliza. Nimesema ukweli, kaka yangu wa Dar atatuma nusu, nimeomba na kupunguziwa ada, kiwanda cha bento nimeacha. Mahudhurio waliuliza. Nikasema usingizi ulinishinda na nina aibu. Kimya kirefu. Wakaandika. Daftari la mama nililieleza, nikakwama kwenye neno "mdeni", hakuna aliyenisaidia. Nikachora hewani kama Mnepali. Wakaendelea kunitazama tu.

Dakika 22. Matokeo Ijumaa ya wiki ijayo.

#76 BeppuKwanza
Dakika 22 ni dalili njema. Wangekuchoka mapema.

#77 MwanaUjiji
Au walikuwa wanatafuta sababu ya kukukataa na hawakuipata haraka. Natania mkuu. Kila la heri.

#78 MzeeWaBoksi
Kaka anatuma nusu, na nusu nyingine?

Na viatu vyangu lini? Jumamosi nina ubatizo.